Orodha ya Siku ya Kufunga Shule

Mwalimu mkuu alimkabidhi Profesa Tunu orodha ya matokeo. Ndiyo desturi ya siku ya kufunga shule: mwalimu au mgeni rasmi husoma majina, wa kwanza hadi wa mwisho, na wazazi humcheka aliyeshika mkia.

"Ulipokuwa ukifundisha hapa uliisoma kwa madaha," alimtania.

"Niliisoma. Mungu anisamehe."

Akatazama jina la chini kabisa. "Tausi Hamadi ni nani?"

"Kumbe leo tunaanzia mkiani," mama mmoja akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Msichana akasimama, macho chini, sare imelowa maji aliyowachotea wageni tangu alfajiri.

"Njoo, mwanangu." Profesa alikunja karatasi, akamtia kiganjani. "Nitunzie. Leo haisomwi."

"Profesa, wazazi wanasubiri." Mwalimu mkuu akanyoosha mkono. "Tausi, lete hapa."

Profesa akamwomba Mola nguvu kimoyomoyo, kisha akasimama kati yao. "Anayeitaka aanze na mimi."

Tausi akainua macho, na vidole vyake vikaifumbata karatasi polepole.