Televisheni ya Kuzikia

Tangu kusafiri mikoani kulipopigwa marufuku, watu walikuwa wakizika kwa televisheni. Ya bei nafuu ilikuonyesha kaburi tu. Ya bei mbaya ilikuketisha mkekani, wafiwa wakakuona ukilia nao.

"Mpya itakayotoka Januari itakuwezesha hata kutupa udongo kaburini," muuzaji alimwambia Tusajigwe. "Kwani mgonjwa wenu ana hali gani, dada?"

"Mama? Daktari amesema wiki mbili."

"Basi usingoje, chukua hii."

Tusajigwe alikuwa anatoa kadi ya benki simu ilipolia. Mama yake alikuwa akipiga kutoka Tukuyu, sauti imechangamka.

"Mwanangu, leo nimemaliza bakuli zima la uji!"

Tusajigwe akamshukuru Mungu kwa sauti, muuzaji asikie. Moyoni alikuwa amemkasirikia mama yake kwa kumvurugia mpango.