Nungunungu na Mmea Usio na Fito

Nungunungu alipanda mmea wa kutambaa mlangoni pake, wa kwanza maishani mwake. Jirani yake Fuko akamwonya, "Shoga, uchomekee fito. Usipoupa, utajitafutia wenyewe pa kushika."

"Fito za nini, na miiba ninayo?" Nungunungu akaketi kando ya mmea.

Kesho yake chipukizi moja lilikuwa limeushika mwiba wake.

"Inuka sasa," alisema Fuko.

"Nikiinuka litakatika, masikini!"

Siku ya tano majani yalimfika puani. Akalia, "Fuko, nakosa pumzi! Kata!"

Fuko akatoa meno, akalishika chipukizi moja alikate.

"Si hilo! Hilo lina tumba!"

Fuko akajaribu jingine. Nalo lilikuwa na tumba. Akaenda zake kulisha watoto.

Maua yalipochanua, yakiwa yamemfunika Nungunungu mwili mzima, wapita njia walimsifu kwa sauti. Maua yote yakainama kuitikia, na upepo haukuwapo.