Lango la Utosini

Kila mtoto wa wafugaji ana lango dogo utosini. Ugonjwa wa kupe ukimpanda ubongoni, mlezi wake hulifungua kwa kiganja, na chembe za kinga humiminika ndani kupigana. Zisipokuta ugonjwa, hushambulia ubongo wenyewe, wala hakuna awezaye kuzirudisha.

Ndiyo maana Koko Nolari alishinda na glavu tangu akabidhiwe mjukuu wake, Resiato. Jioni hiyo alizivua ili akamue. Resiato, mzima wa afya, akaja mbio kutoka shule, akainamisha kichwa kusalimia, ili mkubwa amguse utosini, kama mtoto yeyote wa Kimaasai aliyefunzwa adabu.

Mkono wa bibi ukaenda wenyewe. Lango likafunguka chini ya kiganja.

“Koko, kumbe mkono wako una joto hivi!” Resiato akasema, kichwa bado kakiinamisha. “Usiutoe kwanza.”