Sentimita Mia na Ishirini na Nane

"Andika mia na ishirini na saba," Kipimo alimwamuru binti aliyeunda programu ya vipimo.

Binti akaandika. Skrini ikaonyesha 127.

"Sasa ongeza moja."

Akaongeza. Skrini ikaonyesha hasi 128.

Kipimo, mpima kina cha mto kwa miaka ishirini na miwili, aliigonga skrini kwa kidole. Jana alikabidhiwa barua ya kufukuzwa kazi: eti anatuma vipimo vilivyo chini ya sifuri, eti analewa. Yeye, ambaye pombe haijui hata harufu!

"Safu ya vipimo niliipa aina ya namba ndogo kabisa ili kuokoa nafasi," binti alisema, macho chini. "Mwisho wake ni 127. Ikizidi hapo inageuka hasi. Nisamehe, baba."

"Kumbe mlevi ni mashine yenu!"

Meneja aliyetia sahihi barua ile, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akakohoa. "Yaishe, mzee. Tutarekebisha taratibu."

"Taratibu?"

Kipimo akabwaga daftari mezani. Barua haikumzuia kwenda mtoni alfajiri, na kurasa zilikuwa bado mbichi kwa mvua. Wino ulikuwa umechuruzika, lakini namba ilisomeka: sentimita 210.

"King'ora cha kuwaonya watu wa bondeni mmekitegesha kilie maji yakifika ngapi?"

Kidole cha binti kiliganda juu ya kibodi. "Mia mbili."

"Na mimi nimeituma hiyo tangu saa kumi na mbili." Kipimo akamgeukia meneja. "Haya, bosi. Nyamaza basi, tusikilize king'ora chako kinavyolia."

Wakanyamaza. Nje ilisikika mvua tu.