Chetezo Nje ya Mlango

Daktari alimuuliza Mwanakheri kama anafuga paka, kama analalia mto wa sufi, kama anapikia kuni. Yote akakana. Mwisho akamuuliza kama nyumbani wanafukiza udi, naye akainamisha kichwa.

"Asubuhi na jioni," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nina mgonjwa ndani."

"Basi ni moshi huo unaokukwaruza koo na kukuziba pua. Uache, mama."

Akauacha. Chetezo akakitoa nje na majivu yake. Siku zikapita, na asubuhi moja, akiwa amemwinamia mumewe, Masudi, kumgeuza ubavu kama kawaida, pua zikamzibuka.

Harufu ikampiga: mkojo, dawa, vidonda vya mgongoni. Mikono yake ikasita. Udi aliufukiza kwa ajili ya wageni, na wageni walikwisha acha kuja zamani.

Masudi alikuwa akimtazama usoni, akaona.

"Washa udi, Mama Rukia."

"Daktari amekataza, Baba Rukia."

Masudi akalitazama dirisha lililofungwa.

"Basi fungua dirisha."

Dirisha hilo lilitazama baraza ambapo wenzake wa zamani walikunywa kahawa kila asubuhi. Tangu ugonjwa umlaze kitandani, ni Masudi mwenyewe aliyekataza lisifunguliwe, wasimwone.

"Una hakika?"

"Fungua, mke wangu. Na wewe upumue."

Mwanakheri akaondoa komeo, akasukuma. Nje, mazungumzo yakakatika. Masudi hakugeuza uso kuwakwepa.