Vidonge Vyeupe

Mumewe Mbaruku alipokuwa safarini, Mwanakombo alitia vidonge vyeupe vya kufukuza mende kwenye kasha la gitaa la mumewe, kama anavyotia kwenye sanduku la kanga. Asubuhi ya siku ya kurudi kwa mumewe, alipolitoa gitaa ili alipanguse, vanishi ilimnata vidoleni. Mvuke wa dawa ulikuwa umeilainisha. Akavitupa vidonge, akalirudisha gitaa.

Jioni Mbaruku aliporudi alifungua kasha, akanusa, akaona vanishi imeharibika, akakunja uso.

"Mama Rukia, kulikoni?"

"Joto la mwaka huu, baba. Hata mishumaa imepinda."

"Basi ni joto," akasema kwa upole. "Pole, nawe umehangaika nalo."

Akalipakata gitaa. Ubavuni, vanishi ilikuwa imekauka na alama za vidole vitano vyembamba. Mbaruku akaweka vidole vyake juu ya alama hizo, kimoja kimoja. Mwanakombo akauficha mkono ndani ya kanga.