Gazeti la Kaka wa Ng'ambo

Duara lilizunguka kwenye kioo cha kompyuta ya fundi wa tovuti, likazunguka tena, na gazeti halikufunguka. Kwenye kompyuta ya pili, ambayo kioo chake alikuwa amekigeuzia ukutani, gazeti hilohilo lilikuwa limefunguka tangu asubuhi kabla kidole hakijainuka. Lakini hii ya kwanza aliifanya ionekane mtandaoni kama iko mbali, kwenye nchi aliko kaka yake, na huko mambo yalikuwa ya konokono.

Kaka alikuwa ng'ambo miaka mingi. Kila mwezi alilipia gazeti la mtandaoni, akalisoma kwa mpango wake mwenyewe: anaanzia michezo, anamalizia vifo, asije akapitwa na jambo la nyumbani. Jana alibofya mpaka akachoka, akamtumia mdogo wake ujumbe: "Nimebofya, nikaenda kuoga, nimerudi bado linazunguka. Hilo gazeti mnalituma kwa mguu?"

Siku nyingine fundi angemrudishia utani. Safari hii aliufunga ujumbe, akaanza kuitafuta kasoro.

Wasomaji wa mbali walikuwa wakijitoa mmoja mmoja, na mhariri alishasema wiki ile kwamba wakiisha hao, fundi wa tovuti naye hana kazi. Sasa mhariri akaja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Nenda nyumbani," akamwambia. "Hii atamalizia mwenzako."

"Niache nimfungulie huyu mmoja tu, bosi."

 Mhariri akatoka na kuufunga mlango taratibu, yeye ambaye milango yote ya ofisi ile ilimjua kwa kishindo.

Fundi akajifuta macho kwa mkono wa shati la jana. Akapunguza picha uzito. Duara. Akaondoa matangazo. Duara. Simu ikaita, alikuwa shangazi, kutoka nyumbani, na nyuma yake viti vilisikika vikiburutwa. Akauliza kama ameshamwambia kaka yake.

"Bado, shangazi. Gazeti halimfungukii."

"Mdomo si unao, mwanangu?"

Fundi akaaga, akarudi kwenye duara.

Ikabaki njia moja. Katika nchi ile kulikuwa na mashine ya kukodi ya kuhifadhia tovuti, ambayo jana asubuhi aliipa nakala ya gazeti la siku hiyo kwa majaribio. Ilikuwa kama duka la mtaani lenye mzigo kutoka ghala kuu. Ila kila mteja alipobisha hodi, muuzaji alikimbia kwanza mpaka ghalani kuuliza kama kuna kipya. Safari hiyo ndiyo iliyokula muda. Fundi akaiandikia mashine amri: usiulize, toa ulichonacho.

Akabofya. Gazeti likafunguka kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

 Akamwandikia kaka: "Jaribu sasa. Lisome lote." Kisha akailaza simu kifudifudi mezani, akakaa kama mtoto anayesubiri sindano.

Haikupita muda ikaita. Kaka alikuwa akicheka.

"Bwana mdogo, sasa wewe ni fundi. Nimegusa tu, hilo hapo."

"Umelisoma?"

"Mpaka matangazo ya viwanja. Na hiyo fainali ya leo jioni tusifungwe, nitauficha wapi uso huku?"

Fundi akafumba macho. Fainali ilichezwa jana, na walifungwa.

"Kaka," akaanza. 

"Sema. Au unataka nikusifu tena?" Kaka akacheka peke yake. "Na vifo nimevipitia, jina kwa jina. Mungu katusitiri, hakuna wa kwetu. Haya, nawahi kazini. Msalimie mama."

Fundi akakigeuza kioo cha pili. Gazeti la leo lilikuwa palepale alipoliacha, ukurasa wa vifo, na mama yao katikati, akitabasamu kama siku aliyopigwa picha ile.

"Zimefika," akasema.